Mpini wa Tlali

Magamba, Lushoto
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Karimu,

Naanza na salamu za Baba, maana amekaa hapa mbele yangu na shingo kaivuta kama twiga ahakikishe nimeziandika. Shikamoo yako ya mwezi wa nane ameipokea, anasema marahaba. Sisi wazima. Pichesi mwaka huu zimezaa hadi matawi yanalalamika, na yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha. Mwanaharusi mkeo hajambo? Na Nuriati, bado anakujibu kwa Kiingereza ukimsemesha Kiswahili?

Najua una simu, na mimi ninayo. Lakini Baba hasikii tena simu, anasema sauti yako inatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Anataka karatasi, nimsomee, aikunje aitie mfukoni. Kwa hiyo tuvumiliane na Naseeb na mabasi yake. Yeye hupita Tunduma kuja huko kwenu kila baada ya wiki chache na mizigo yake, na barua haina uzito.

Sasa habari yenyewe. Mti wa Shamu umeinama. Unakumbuka ulivyokuwa umesimama wima kama askari wa gwaride? Tangu mvua za mwaka jana umeanza kuegemea upande wa chumba cha Baba. Bwana misitu amekuja, amezunguka mara mbili, ameandika kibali cha kuukata siku hiyohiyo bila hata kuombwa chai. Vijana wenye misumeno ya mashine wako tayari. Baba amekataa.

Anasema Babu Bakiri aliacha neno: mti ule aliupanda mwenyewe kwa mbegu alizokuja nazo kwenye mfuko wa koti la jeshi, na siku ya kukatwa ukatwe kwa msumeno wake wa vita, ukiwa na mipini yote miwili. Wa kwetu upo, unaning'inia juu ya mlango pamoja na msumeno. Wa pili uko huko kwenu, kwa watu wa yule Tlali aliyekuwa mwenzake wa msumeno vitani. Nikamkumbusha kwamba wewe uliwatafuta ulipofika, ukaandika hukuwapata. Akasema, "Mwandikie atafute tena."

Basi nimekuandikia. Tafuta tena.

Dada yako,
Fauzia

Karatasi hii ya pili naiandikia jikoni, Baba hataisikia. Karimu, mizizi ya upande wa bonde imeng'oka, naweza kuingiza kiganja chini yake. Masika yakifika mti ule utakuwa kitandani na Baba. Nimemwomba ahamie chumba cha mbele. Amehamisha kitanda, kweli, lakini amekisogeza karibu zaidi na ule ukuta.


Jeppestown, Johannesburg
8 Desemba 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na nyingine umpe Baba kwa mikono miwili. Sisi huku tunaendelea kupumua. Mwanaharusi anakusalimu sana. Nuriati yuko mwaka wa pili chuoni kule Braamfontein, na juzi nilimwambia kwa Kiswahili safi aoshe vyombo. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ameelewa, na hakuosha. Karakana yangu bado ipo. Jirani yangu Octave, yule Mkongo wa Lubumbashi anayevisha makochi vitambaa, anasema viti vyangu vinapendeza sana, tatizo ni pale mtu anapovikalia.

Barua yako imenirudisha mbali. Nimemwona Babu barazani na msumeno begani, ametupanga sisi wajukuu mistari miwili na kutukagua kucha. Unakumbuka swali letu la kila Idi?

"Babu, vitani uliua maadui wangapi?"

"Elfu nne na mia mbili."

"Maadui?"

"Miti."

Tulikuwa tunagaagaa chini kwa kicheko. Mimi ndiye niliyekuwa mbaya kuliko wote. Nilimwigiza shuleni, nikipiga saluti kwa mgomba. Babu wa wenzetu walikuwa na makovu ya risasi, wetu alikuwa na kovu la tawi. Naye hakukasirika. Alisema, "Cheka. Lakini reli inalala juu ya nini? Mataruma. Nani aliyapasua? Daraja likivunjwa kwa bomu anaitwa nani, mwenye bunduki? Kila risasi ya mfalme ilisafiri ndani ya sanduku, na sanduku lilianza na sisi." Halafu anaeleza kikosi chao cha misitu cha jeshi la Mwingereza kule milima ya Shamu, theluji magotini, watu wa Tanganyika na Kenya na Wasotho wa kusini, hawana lugha moja ila msumeno mmoja kwa kila wawili. Unavuta, husukumi, ndiyo ilikuwa sheria. Ukisukuma unamvuruga mwenzako. Wewe vuta, kisha mwachie naye avute.

Kulikuwa na swali moja tu ambalo hakulijibu. Alikuwa akitutajia vipimo, mataruma futi nane, nguzo za simu futi ishirini, halafu mbao za futi sita. "Za futi sita zilikuwa za nini, Babu?" Hapo ndipo alipokuwa anakumbuka kwenda kuangalia mbuzi.

Sasa tulia. Naseeb anakuletea kifurushi. Ndani yake kuna mpini. Nimeupata. Nisiwachoshe na habari ndefu za nilivyoupata, Soweto ni kubwa na mimi miguu yangu unaijua. Mwambie Baba mti ukatwe kabla ya masika, na asimame mbali.

Wako mtiifu,
Karimu


Magamba
19 Januari 2025

Kwa fundi mkuu wa Johannesburg,

Salamu zipo, hatujambo, mbuzi hawajambo. Leo sina nafasi ya kuzirefusha.

Mpini umefika. Baba alivaa kanzu ya Ijumaa kuupokea, nataka ulijue hilo. Akaushika, akaunusa. Akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule. Akaniambia, "Fauzia, niteremshie wa mzee." Nikauteremsha. Akaiweka mipini miwili mezani, ncha kwa ncha, akaiangalia hadi chai yangu ikapoa.

"Kazi nzuri," akasema. "Mwambie mwanangu kazi nzuri sana. Amepiga msasa vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake."

Kisha akanionyesha. Wewe seremala, Karimu, miaka yote ulikuwa unapita chini ya mlango ule na hukuinua macho? Mpini wa Babu una nusu ya jicho kwenye ncha. Kile kifundo cheusi kwenye mbao. Kimekatwa katikati kabisa. Walikata tawi moja la mwaloni, wakaligawa palepale kwenye kifundo, kila mmoja akachonga wake. Mpini wa Tlali una nusu nyingine ya lile jicho. Wa kwako hauna jicho wala kope. Una harufu ya vanishi.

Baba hakusema neno baya. Amekunja mikono kifuani na kwenda kulala saa kumi jioni.

Mimi nimeuchukua mpini wako natwangia vitunguu saumu. Unafaa sana.

Fauzia


Jeppestown
16 Februari 2025

Dada Fauzia,

Shikamoo. Mwanaharusi anakusalimu, ingawa tangu nimsomee barua yako ananiita "Vanishi" mbele ya wateja. Octave amecheka hadi akaketi kwenye kochi lenye sindano, na hiyo ndiyo haki yangu ndogo.

Ni kweli. Niliuchonga mwenyewe, asubuhi moja, kwa mkaratusi uliobaki nilipotengeneza kitanda cha mteja. Nilijiambia, mti ukatwe, Baba apone, uongo mdogo utaoza pamoja na mbao. Niombee radhi kwake. Hii unaweza kumsomea.

Inayofuata usimsomee.

Dada, sikuwahi kutafuta. Si mwaka huu, na si ule wa 2002. Siku ninaondoka Babu alinipa karatasi, ameikunja mara nne. Si jina tu lililoandikwa pale, ni anwani: namba ya nyumba, mtaa, Orlando, Soweto. Tlali mwenyewe alimwandikia zamani, alipoacha migodi na kupewa nyumba. Babu akaniambia, "Ukifika tu, nenda. Utakuwa na kwenu." Nami baada ya miezi mitatu nikamwandikia kwamba nimezunguka Soweto nzima na jina lile halipo. Siku niliyoandika barua ile nilikuwa sijavuka hata robot ya pili, zile taa za barabarani, kutoka hapa ninapokaa.

Kwa nini? Nilifika na kiatu kimoja kizima. Nilikuwa nauza mikanda kwenye kona. Nitabishaje hodi kwa rafiki wa Babu, mtu aliyepasua naye milima, mkononi sina hata pakiti ya sukari? Nikasema nitakwenda nikipata kazi. Nikapata kazi, nikasema nikipata karakana. Nikaipata, ukaja ule mwaka wa vurugu, watu wakavunja milango wakitafuta wageni, na mimi nikajificha siku nne nyuma ya rundo la mbao pamoja na Octave aliyekuwa anasali kwa Kifaransa. Baada ya hapo Soweto ikawa mbali kuliko Lushoto. Na Babu alikuwa ameshafariki. Nikaona, basi, kuchelewa kumekwisha, sasa nimekosa tu.

Karatasi ipo. Iko ndani ya pasipoti yangu. Ndiyo maana hata kuja nyumbani kulinishinda. Kila nikifungua pasipoti naiona kwanza yenyewe. Hata mlipomzika Mama niliifungua, nikaifunga.

Jumapili ijayo nakwenda. Nuriati ananipeleka. Ameniuliza kwa Kiingereza kwa nini sikwenda zamani, nikamjibu kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza hakuelewa.

Karimu


Magamba
9 Machi 2025

Karimu,

Ramadhani njema. Tunafunga, tunafuturu uji, tunaangalia mawingu.

Nimemsomea Baba barua yako yote. Ndiyo, na ile uliyosema nisimsomee. Nilifika pale pa kuacha, akanyoosha kidole: "Karatasi haijaisha." Macho yake hayaoni herufi, lakini unene wa karatasi anaujua.

Nikamsomea hadi mwisho. Halafu akaniambia kitu ambacho hata mimi nilikuwa sikijui. Babu alijua. Mwaka uleule, baada ya barua yako, ilikuja barua kutoka Orlando. Babu alikuwa amewatangulizia habari kwamba mjukuu wake anakuja. Wakajibu kuuliza: mbona mtoto hajafika, tulimpikia? Babu akaisoma mara mbili, akacheka kidogo. Akamwambia Baba, "Anaona haya. Haya za kijana zina mwisho. Usimwambie chochote, atakwenda siku yake." Akaitia barua chini ya godoro. Baba amekaa na jambo hili zaidi ya miaka ishirini.

Jana tawi liliangukia paa la jiko. Mimi nilikuwa nje, mbuzi ndio walioruka. Nimemwambia Baba, mpini uje usije, Idi ikipita nawaita wenye mashine. Akasema, "Idi ikipita." Nadhani amekubali. Nadhani.

Umekwenda?

Fauzia


Jeppestown
23 Machi 2025

Dada, na Baba, maana sasa najua msomaji wangu ni nani,

Shikamooni nyote wawili. Mwanaharusi na Nuriati wazima. Naseeb amenipa saa mbili tu kabla hajaondoka, kwa hiyo nisameheni mwandiko.

Nimekwenda. Nilivaa lile koti la harusi, halifungi tena tumboni, na mkononi nilishika sukari, kilo tano. Nyumba ileile, namba ileile, ukuta wa kijani, spaza, kile kiduka cha mtaani, ya kijana wa Kihabeshi pembeni. Mlango ukafunguliwa na mama mmoja wa miaka sabini na kitu, mnene, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Mme Puleng, yaani Mama Puleng kwa Kisotho, binti wa Tlali. Nuriati akasema naye kwa Kizulu, tena kizuri, sikujua mwanangu anakijua hivyo. Yule mama akanitazama juu hadi chini, akaangalia sukari, akasema neno moja refu.

Nikamuuliza Nuriati, "Anasemaje?"

"Anasema chakula kimepoa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kisha akacheka, akanishika bega akaniingiza ndani, na mimi, Baba, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, nikalia kwenye kochi la watu. Kochi lenyewe lilikuwa na mguu mbovu. Nitalirekebisha.

Mpini ulikuwa mlangoni. Unafunga mlango wa nyuma, umepita kwenye vyuma viwili kama komeo. Umekuwa mweusi kwa kushikwa. Nikaugeuza ncha. Jicho lipo, Baba. Nusu jicho.

Akasema baba yake alikuwa akisogeza kabati au kitanda lazima atamke neno ambalo si la Kisotho, na watoto hawakujua ni la wapi. "Vuta." Akaniuliza lina maana gani. Nilipomweleza alilirudia mara nyingi, polepole.

Halafu akanieleza za futi sita. Tlali alikuwa na mdogo wake kikosini. Mti ulimwangukia. Theluji ilikuwa nyingi, gari halikuweza kupanda, na ofisa akawaambia wampasulie mbao wenyewe. Walikuwa wameshapasua mbao za futi sita kwa mamia, za watu wasiowajua. Babu alishika upande mmoja, Tlali upande mwingine, wakampasulia mdogo mtu sanduku la kuzikiwa. Babu hakuwa amewahi kuona mtu wa kwao akizikwa ndani ya sanduku, lakini alivuta, akamwachia mwenzake avute. Walipomaliza walichomoa mipini. Tlali akasema msumeno huu usifanye kazi tena mkono mmoja ukiwa haupo, ila kazi yake ya mwisho isibaki kuwa ile. Babu akachukua msumeno, sijui jeshi la mfalme lilikuwa linaangalia wapi. Na mfukoni akatia mbegu.

Ndiyo maana ya neno lake. Nasi tulikuwa tunapigia mgomba saluti.

Nikamwomba Mme Puleng mpini. Nikasema kuna mtu wa kuaminika, Naseeb, atauchukua kwa basi. Akautoa kwenye vyuma vyake, akaushika kifuani. "Mpini haupandi basi peke yake," akasema. "Unakwenda na mkono, unarudi na mkono."

Nikaangalia mikono yangu. Dada, wenye mashine waambie wasubiri siku chache baada ya Idi. Nimeitoa ile karatasi kwenye pasipoti, nimeiacha kwa Mme Puleng. Naseeb anabeba barua hii. Mimi nakuja na basi la wiki inayofuata.

Baba, ondoka chumba kile. Tafadhali. Nikukute chumba cha mbele.

Karimu


Jeppestown
11 Mei 2025

Dada Fauzia,

Shikamoo, na Baba umpe yake, ingawa nilimwamkia kila asubuhi kwa wiki tatu na nadhani amejaza ghala. Nilifika salama. Mwanaharusi anashukuru kwa pichesi za kukausha. Nuriati ameuliza, kwa Kiswahili, lini tutakwenda wote. Nimejifanya sikusikia ili aliulize tena.

Bado macho yananiwasha. Octave anasema ni vumbi la safari. Nimemwambia ni vumbi la mti wa Shamu, kwa sababu baba yangu mwenye umri wa miaka sabini na saba aliniamuru nipige goti upande wa chini wa mteremko huku yeye amekaa juu kwenye kiti, mto mgongoni, akaniambia, "Wa chini haangalii juu." Nami nikaangalia juu. Nilitaka kumwona anavyovuta.

Huwa najikuta nahesabu. Tulivuta mara kumi na tisa. Nilisukuma mara ya tatu na akanifokea mbele ya kijiji kizima na bwana misitu. Ya kumi na tisa ilipokwisha akauachia mpini, akajifuta uso, akasema, "Basi. Vita vimekwisha. Waleteni wenye mashine." Wale vijana waliokuwa wanacheka pembeni na misumeno yao ya petroli, uliwaona walivyovua kofia?

Na mti, ukivutwa kwa kamba, ukaanguka upande wa bonde, mbali na nyumba, kama mtu aliyeombwa kwa adabu.

Nilidhani nitarudi na mpini wa Tlali. Sikujua Baba alikuwa na mpango wake. Unakumbuka asubuhi ile ya kuondoka alivyoiweka yote miwili mezani, ncha kwa ncha, jicho likawa zima, akalipapasa kwa kidole gumba? Halafu akauchukua wa Tlali akauning'iniza juu ya mlango wetu, na wa Babu akautia kwenye begi langu. Nikamwambia, Baba, umekosea. Akasema hajakosea. "Wa kwake ukae kwangu, wa kwangu ukae kwake. Ili mtu asikose sababu ya kusafiri."

Jumapili nilikwenda Orlando. Niliubeba pamoja na ubao mmoja wa mti wa Shamu, nikamtengenezea Mme Puleng mguu mpya wa kochi. Alilikalia, akajitikisa, hakikuvunjika kitu. Octave hataamini.

Mpini wa Babu akaushika muda mrefu. Akaliangalia lile jicho. Nikaogopa atasema si wake. Akaenda nao mlango wa nyuma, akaupitisha kwenye vyuma. Ulikuwa mnene kidogo kuliko wa baba yake, ukakwama katikati. Nikainuka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Akashika upande mmoja, akanielekeza mimi nizunguke nje, nishike upande wa pili kupitia uwazi wa mlango.

"Vuta," akaniambia.

Nikavuta. Kisha nikamwachia naye avute.

Mdogo wako,
Karimu